Nilijua ukweli nikanyamaza: je, ndivyo nilivyo?

Swali:

"Naomba unisaidie kujielewa. Katika kikao cha kazini, mkuu wa idara yetu alimlaumu mwenzetu mmoja mbele ya wote kwa ripoti iliyotoka na takwimu zenye makosa. Najua kosa halikuwa lake, kwa sababu nilikuwepo takwimu zile zilipobadilishwa na mtu mwingine. Tulikuwa watu tisa mezani, na nina hakika si mimi peke yangu niliyejua. Hakuna aliyefungua kinywa. Mkuu akauliza, 'Tumeelewana?' nami nikaitikia kwa kichwa kama wengine. Kinachoniuma zaidi ni kwamba nyumbani mimi ndiye mwenye msimamo, hata watoto hunitania kwa kuniita hakimu. Kaka yangu ananiambia nisijisumbue, mtu yeyote angenyamaza, mazingira ndiyo yanayomwendesha binadamu. Mume wangu anasema mtu hujulikana siku ya jambo zito, na siku ile nimejulikana. Hii ni wiki ya tatu usingizi hauji. Nani kati yao anasema kweli, na nifanye nini?"

Jibu:

Dada yangu, umeuliza maswali mawili, na nadhani usiku yanakujia yakiwa yameshikana kama moja. La kwanza: kwa nini ulinyamaza? La pili: je, kunyamaza kule kunakufanya mtu wa aina gani? Nitayatenganisha, kwa sababu unalala vibaya kwa jibu ulilojipa la swali la pili kabla hujalichunguza la kwanza.

Ubishi wa kaka yako na mume wako si mgeni kwetu tunaosoma tabia za watu. Wataalamu wa saikolojia wamebishana hivyo hivyo kwa miongo kadhaa, wengine wakisema mtu ni hulka yake, wengine wakisema mtu ni mahali alipo. Kila upande umewahi kushinda kwa muda, na kila upande ukaja kurudi nyuma. Kwa hiyo sitakuambia yupi kati yao ameshinda. Nitakuambia kila mmoja amekosea wapi, kisha turudi kwenye meza ile.

Nianze na mume wako, maana kauli yake ndiyo iliyokuchoma. Tunapomwona mtu akifanya jambo, akili hukimbilia kusema "ndivyo alivyo", na hali iliyomzunguka huonekana kama pazia tu la nyuma. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Jones na Harris, waliwapa watu insha za kumsifu au kumpinga Fidel Castro, kisha wakawauliza mwandishi wa insha ana maoni gani hasa. Hata wasomaji walioambiwa waziwazi kwamba mwandishi alipangiwa upande wa kuandika, bado walielekea kuamini kwamba aliyemsifu Castro anampenda kweli. Miaka kumi baadaye Lee Ross aliupa mwelekeo huu jina ambalo wanafunzi wa saikolojia hulijua hadi leo: kosa la msingi la kutafuta sababu. Mume wako hakuwepo mezani. Hakuuona uso wa mkuu, hakusikia ule ukimya. Ameona kitendo kimoja tu, na kitendo kikiwa peke yake hufanana sana na tabia.

Na kuhusu hoja kwamba siku moja nzito humfunua mtu mzima, ushahidi hauko upande wake. Mwaka 1968 Walter Mischel alipitia tafiti nyingi za wakati ule na kukuta kwamba kupima hulka ya mtu kisha kutabiri atafanya nini katika hali moja mahususi kulileta uhusiano hafifu, ambao kwa kawaida haukuvuka 0.30 (1 ikiwa ni uhusiano kamili). Wengi walilipokea tokeo hilo kama mwisho wa habari ya hulka, na hapo wakapitiliza. Baadaye Mischel mwenyewe, akiwa na Yuichi Shoda na wenzao, aliwafuatilia watoto katika kambi ya likizo na kukuta jambo linalokuhusu wewe moja kwa moja. Watoto wawili wangeweza kulingana kwa ukali ukijumlisha siku nzima, lakini mmoja akawa mkali anapokanywa na mtu mzima, na mwingine anapochokozwa na mtoto mwenzake. Kila mtoto alikuwa na mpangilio wake, nao ulijirudia. Uthabiti wa mtu, basi, hukaa zaidi katika mpangilio huu: hali ikiwa hivi, yeye huwa vile.

Sasa soma tena barua yako kwa jicho hilo. Unaona mgongano kati ya hakimu wa nyumbani na mnyamavu wa kazini, unajiuliza yupi ni wewe wa kweli. Mimi siuoni mgongano. Naona mtu anayesema kwa uhakika pale mamlaka yakiwa mkononi mwake, na anayerudi ndani pale mamlaka yakiwa mkononi mwa mwingine. Wote wawili ni wewe. Samahani kama hilo linauma kuliko ulivyotarajia, lakini lina manufaa kuliko neno "mnafiki", kwa sababu linakuonyesha mahali penyewe pa kufanyia kazi.

Kaka yako naye amekupa faraja isiyokamilika. Ni kweli hali ina nguvu ya kutisha. Mwaka 1973 Darley na Batson waliwachukua wanafunzi wa seminari ya Princeton waliokuwa wakienda jengo jingine kutoa mazungumzo, na njiani wakaweka mtu aliyejikunja mlangoni akikohoa na kugumia. Waliokuwa na muda wa kutosha, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Hawa ni watu waliokuwa wakisomea uchungaji, na baadhi yao mazungumzo waliyokuwa wakiyaendea yalihusu ule mfano wa Msamaria Mwema. Haraka iliishinda mada iliyokuwa kichwani mwao.

Lakini tazama, hata katika kundi la haraka wapo waliosimama. Nusu hii ya habari huachwa karibu kila mara. Chukua jaribio la Solomon Asch la miaka ya 1950, lile la kulinganisha urefu wa mistari, ambapo mshiriki mmoja wa kweli aliketi na watu waliokwisha kupangwa kutoa jibu lilelile lisilo sahihi. Husimuliwa kama ushahidi kwamba watu ni kondoo. Takwimu zenyewe zinasema karibu robo tatu ya washiriki walilifuata kundi walau mara moja, lakini ukihesabu majibu yote, takribani theluthi moja tu ndiyo yaliyofuata kosa la kundi, na kama robo ya washiriki hawakuyumba hata mara moja. Meza ileile, mistari ileile, shinikizo lilelile. Asch alipowahoji baadaye, baadhi ya waliofuata kundi walisema walianza kushuku macho yao wenyewe. Wengine walijua vizuri kwamba kundi limekosea, ila hawakutaka kuonekana tofauti. Kwa nje wamefanya jambo moja, ilhali ndani yamepita mambo mawili tofauti.

Hapo ndipo kaka yako anapokosea. Hali haimsukumi mtu moja kwa moja. Kurt Lewin aliandika tangu mwaka 1936 kwamba tabia hutokana na mtu na mazingira kwa pamoja, na kwa mazingira alimaanisha yale mtu anayoyaona kuwa yamemzunguka, si samani na watu waliomo chumbani tu. Kati ya kikao na ukimya wako kulikuwa na tafsiri. Ilikuwa ya haraka sana, huenda hukuisikia, lakini ilikuwepo, na nguvu ya kubadilika utakayoipata itaanzia hapo.

(Usinitarajie nitaje gereza la mfano la Stanford la mwaka 1971, jaribio ambalo vijana waligawanywa kuwa walinzi na wafungwa, na ambalo kila anayetaka kuthibitisha nguvu ya mazingira hulikimbilia. Kumbukumbu zilizochunguzwa miaka ya karibuni zinaonyesha walinzi walielekezwa namna ya kuwa wakali, na mimi sijengi juu ya msingi huo.)

Turudi mezani. Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani mambo matatu yalitokea ndani ya sekunde chache.

Kwanza, uliwatazama wengine ili ujue jambo lile lina uzito gani. Hilo halina aibu, kila mtu hufanya hivyo. Mwaka 1968 Latané na Darley waliwaketisha watu chumbani wakijaza fomu, kisha wakapenyeza moshi ukutani. Waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kutoa taarifa. Waliokaa na watu wawili waliopangwa kutojali, ni asilimia 10 tu waliotoka, wengine wakaendelea kupunga moshi kwa mkono na kujaza fomu. Walipoulizwa, hawakusema waliogopa kuchekwa. Walisema hawakudhani ni moto. Pengine ni mvuke, pengine ni mitambo ya hewa. Yaani nyuso tulivu za wenzao zilikuwa zimebadilisha maana ya moshi wenyewe. Wewe nawe nakisia ulijiambia kitu kama "labda kuna jambo nisilolijua, ndiyo maana wote wametulia."

Pili, kila mmoja wenu alikuwa akifanya hivyo hivyo. Ulimtazama wa kulia ukaona ametulia, naye akakutazama wewe akaona umetulia. Watu tisa, pengine wanne au watano wenye shaka, na kila mwenye shaka akidhani yuko peke yake. Ukimya wa kuogopana husomwa kama ukimya wa kukubaliana. Na swali la mkuu, "Tumeelewana?", liliufunga mlango, kwa sababu lilitaka vichwa vya kuitikia, halikutaka maelezo. Huenda alikuwa na nia njema. Lakini swali la namna hiyo hukusanya vichwa, na mkuu hutoka kikaoni akiamini ana watu tisa nyuma yake.

Tatu, wajibu uligawanyika. Katika jaribio jingine la Darley na Latané la mwaka huohuo, washiriki walisikia kupitia spika mtu anayepatwa na kifafa. Aliyeamini yeye ndiye msikilizaji pekee, uwezekano wa kwenda kuita msaada kabla kifafa hakijaisha ulikuwa asilimia 85. Alipodhani kuna wengine wanne wanaosikia, ulishuka hadi 31. Lakini nataka uzingatie jambo dogo ambalo watafiti hao waliliandika. Wale ambao hawakwenda hawakuwa watulivu. Mtafiti alipoingia chumbani, wengi wao mikono ilikuwa ikitetemeka, viganja vikitoka jasho, na waliuliza kama yule mgonjwa yu salama. Walikuwa bado wamenasa kati ya kwenda na kutokwenda. Usingizi wako unaokatika unanikumbusha watu hao. Asiyejali hulala.

Nisije nikakuacha na picha ya giza kupita kiasi. Kisa cha Kitty Genovese, aliyeuawa New York mwaka 1964, kilienea kwa madai kwamba watu 38 walitazama na hakuna aliyefanya lolote. Baadaye ilibainika kwamba habari ile ilitiwa chumvi: walioona tukio walikuwa wachache zaidi, na wapo waliojaribu kuita msaada. Uchunguzi wa kamera za mitaani katika Uingereza, Uholanzi na Afrika Kusini, uliopitia ugomvi 219 hadharani, ulikuta kwamba katika tisa kati ya kila kumi walau mtu mmoja aliingilia. Binadamu kunyamaza si sheria ya maumbile. Tofauti ni kwamba ugomvi wa mtaani unaonekana wazi, na dhuluma ya kwenye kikao huvaa nguo za utaratibu.

Kuna jambo moja la kuangalia kwa makini kuliko kikao chenyewe, nalo ni wiki hizi unazoishi sasa. Leon Festinger alieleza kwamba akili hutaabika inapobeba mawili yasiyopatana: "mimi ni mtu wa haki" na "niliitikia dhuluma". Hutafuta nafuu, na kwa kuwa kitendo kimekwisha kufanyika, kilicho rahisi kubadilisha ni imani. Mwaka 1959, yeye na Carlsmith waliwafanyisha watu kazi ya kuchosha kisha wakawaomba wamdanganye anayefuata kwamba inafurahisha. Waliolipwa dola 20 walibaki wakijua kazi inachosha. Waliolipwa dola 1 tu walianza kuamini kwamba kwa kweli haikuwa mbaya, kwa sababu malipo yalikuwa kidogo mno kuhalalisha uongo. Hutalipwa chochote kwa ukimya wako, kwa hiyo uko katika hatari hiyo. Utaanza kusikia sauti ya upole: "Hata hivyo na yeye ni mzembe kidogo", au "Angeweza kujitetea mwenyewe." Ukiisikia, ujue inatafuta usingizi, haitafuti ukweli. Na ukimya wa pili, baada ya sauti hiyo kukubaliwa, huwa mwepesi kuliko wa kwanza.

Kuhusu la kufanya, sitakuambia inuka kikao kijacho ugonge meza. Ushauri huo hutolewa na watu ambao si wao watakaopoteza kazi. Unaweza kuliacha lipite. Itakulinda wewe, na mwenzako ataendelea kubeba doa lisilo lake, pengine hadi siku ya kupandishwa cheo. Unaweza kumwendea mkuu faraghani au kumwandikia. Mimi naelemea hapa, na si kwa sababu ya busara ya kawaida tu: Asch alipowaruhusu washiriki waandike jibu badala ya kulitamka mbele ya kundi, kulifuata kosa la wengi kulipungua sana. Maandishi hukutoa mezani. Andika ulichokiona, siku gani, faili gani, nani alikuwepo. Usiandike nia ya aliyebadilisha takwimu, maana huijui. Huenda alikosea tu. Tena usimlaumu mkuu kwa kutokujua ambacho hakuna aliyemwambia.

Kabla ya hapo, tafuta mmoja kati ya wale wengine. Katika majaribio ya Asch, kuwepo kwa mtu mmoja tu mezani anayetoa jibu sahihi kulishusha majibu ya kufuata kundi hadi takribani moja katika kila ishirini. Jaribio la Stanley Milgram la Yale, ambalo katika toleo lake mashuhuri watu 26 kati ya 40 waliendelea kumtii mtafiti na kubonyeza swichi walizoamini zinampiga mtu mwingine umeme, hadi volti 450, lilikuwa na toleo ambalo wenzao wawili waligoma mbele yao. Safari hiyo waliofika mwisho walikuwa 4 kati ya 40. Mtu mmoja akikuambia "hata mimi niliona", mkuu wako hatapungua ukubwa, ila wewe hutakuwa tena na shaka kama macho yako yanakudanganya. Muulize kwa swali jepesi: "Zile takwimu za ripoti, wewe ulielewaje?" Kisha nyamaza umsikilize.

Kwa vikao vijavyo, nia njema pekee haitoshi, kwa kuwa nia njema ulikuwa nayo siku ile. Peter Gollwitzer ametafiti njia rahisi ya kuamua mapema kwa kufunga kitendo kwenye ishara. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walipochambua kwa pamoja majaribio 94 ya njia hiyo, walikuta inasaidia kwa kiasi kinachoonekana. Ishara yako unayo tayari. Jiandikie: "Mkuu akiuliza 'Tumeelewana?' na nina shaka, nitasema: 'Kabla hatujafunga, naomba dakika moja kuhusu jambo hili.'" Hiyo tu. Hujampinga mtu, umeomba dakika. Iseme sentensi hiyo kwa sauti nyumbani mpaka mdomo uizoee, maana siku yenyewe akili haitakuwa na nafasi ya kutunga. Mara ya kwanza huenda ikakukwama kooni, na haimaanishi njia imeshindwa.

Na kwa kuwa umeitaja nyumbani, niruhusu niingie huko kidogo. Uliza nani nyumbani kwako anaweza kumpinga hakimu. Inawezekana mezani kwako nawe huuliza "Tumeelewana?" na vichwa vidogo huitikia. Sikushtaki, sijui mnavyoishi. Lakini aliyekwisha kuonja kiti cha mnyamavu ana nafasi nzuri ya kutambua wanyamavu wake.

Kuhusu usingizi, wiki tatu si kidogo. Ukiona pamoja na kukosa usingizi unapoteza hamu ya chakula au ya mambo uliyoyapenda, machozi yanakuja bila sababu, au kazi za kawaida zinakushinda, nenda ukamwone daktari au mshauri nasaha ana kwa ana. Jibu la maandishi kama hili halitoshi. Vilevile kama hofu ya kusema mbele za watu haiko kwa mkuu huyu tu, bali kila kikundi, kila mgeni, moyo ukienda mbio na ukikwepa mialiko kwa miezi, hiyo inaweza kuwa hofu ya kijamii ya kiwango cha ugonjwa. Ina tiba, na tiba ya kubadili fikra na mienendo huisaidia vizuri. Likikujia wazo la kujidhuru, usisubiri kesho, mwambie mtu leo na mfike hospitali. Kama unaogopa kufukuzwa au kuadhibiwa kwa kusema kweli, basi tatizo lako si la saikolojia peke yake; kabla hujaandika chochote zungumza na mwakilishi wa wafanyakazi au mwanasheria.

Limebaki la mwenzako. Mwone kabla hujamwendea mkuu, si baada, kwa sababu atakayebeba matokeo ya hatua yako ni yeye kwanza. Mwambie kwa ufupi: "Nilijua kosa si lako, nikanyamaza. Nataka kulisema sasa." Usimweleze kuhusu usiku wako usio na usingizi, wala usimwombe akuondolee dhamiri nzito, hiyo itamfanya akubembeleze wewe siku ambayo yeye ndiye aliyeonewa. Akikasirika, vumilia. Huenda ana sababu ya kutaka jambo lisubiri, au tayari amelifikisha mahali usipopajua. Akisema subiri, subiri. Akisema nenda, muulize kama anataka mwende wote wawili.